Kazi Huharibikia Mpakani: Kuratibu Mawasiliano na Mafundi wa Ndani ya Nyumba

Fundi umeme anaweza kuwa hodari, seremala hodari na fundi vigae hodari, na bado jiko likakamilika huku soketi mbili zikiwa zimefichwa nyuma ya kabati. Ukifuatilia chanzo hukuti uzembe. Fundi umeme aliweka boksi milimita 850 kutoka sakafuni kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa uso wa kaunta utafika milimita 900. Seremala alilikuta boksi pale, akadhani limewekwa makusudi kwa ajili ya mashine fulani, akalifunika.

Ndivyo kazi nyingi za ndani zinavyoharibika: si katikati ya ufundi wa mtu mmoja, bali pale kazi yake inapokutana na ya mwenzake. Mpaka huo hauna fundi. Ni wa mkandarasi mkuu kama yupo, na kama hayupo ni wa mwenye nyumba, apende asipende. Maelekezo haya yanahusu namna ya kuushika huo mpaka kwa maneno, vipimo na karatasi.

Nani anasema na nani

Kabla ya chochote, amueni mtu mmoja wa upande wa nyumba ambaye neno lake ndilo linalotekelezwa. Wengine wote nyumbani wana haki ya kutoa maoni, lakini wayapeleke kwa huyo, si kwa fundi. Baba akisema vigae vya chooni vifike dari, mama akasema viishie mita 1.2, na shangazi aliyepita kusalimia akapendekeza mstari wa urembo katikati, fundi atafuata lililosemwa mwisho au lililo rahisi. Huwezi kumlaumu.

Upande wa pili nao uwe hivyohivyo. Kama kuna mkandarasi mkuu, usimwagize kijana wake jambo lolote moja kwa moja, hata dogo. Kijana atalifanya kwa heshima, mkandarasi hatalijua, na siku ya kudai malipo kila mmoja atakuwa na hesabu yake. Kuna neno moja tu ambalo yeyote anaruhusiwa kulitamka akiwa popote kwenye kazi: "simama". Anayeona drili inaelekea penye bomba asisubiri itifaki. Lakini "simama" ni la wote, "badilisha" ni la mmoja.

Ukiwa umeajiri fundi mmoja mmoja, wa bomba kivyake na wa rangi kivyake, basi umeokoa gharama ya msimamizi na umejipa kazi yake. Panga muda wa kufika kila siku katika hatua ya kuchimbia waya na mabomba, kwa sababu hapo ndipo makosa yanafunikwa kwa lipu ndani ya saa chache. Wakati wa rangi unaweza kufika kila baada ya siku 2 au 3 bila hasara kubwa.

Mstari wa mita 1 na lugha moja ya vipimo

Kubalianeni kipimo kimoja kwa kila karatasi na kila ujumbe. Milimita ndiyo salama zaidi, kwa sababu haihitaji nukta na haichanganyiki. Fundi mmoja akifikiri kwa inchi na mwingine kwa sentimita, "sitini" inaweza kuwa milimita 600 kwa mmoja na 1,524 kwa mwingine. Inchi 1 ni milimita 25.4, anayekadiria kwa 25 hukosea milimita 4 katika kila inchi 10, na kabati la kupachika kati ya kuta mbili halina nafasi ya milimita 4.

Kisha pigeni mstari wa mita 1. Huu ni mstari wa penseli au wa kamba ya chokaa, unaozunguka kuta zote kwa leza au kwa mpira wa maji wa kusawazishia, milimita 1,000 juu ya sakafu *iliyokamilika*. Si juu ya zege mnalolikanyaga leo. Tofauti yake si ndogo: skridi (tabaka la saruji na mchanga la kusawazisha sakafu) ya milimita 40, gundi ya milimita 5 na kigae cha milimita 10 vinapandisha sakafu milimita 55. Fundi umeme akipima 1,200 kutoka kwenye zege, soketi yake itabaki 1,145 baada ya vigae, na ile ya chumba cha pili ambako sakafu ni ya mbao itakuwa na urefu mwingine. Mstari ukishakuwepo, hakuna tena kupima kutoka chini. Kila mtu anasema "200 juu ya mstari" au "550 chini ya mstari", na vyumba vyote vinaelewana.

Mstari usichorwe kwa wino. Kalamu ya wino mzito hupenya rangi ya maji na kujitokeza tena hata baada ya mikono mitatu ya rangi, na fundi rangi atakuja kuomba praima maalumu ya kuziba madoa.

Karatasi za kuanzia

Si lazima uwe na msanifu ili uwe na michoro. Kwa kila chumba, mchoro wa sakafu na mchoro wa kila ukuta wenye kitu juu yake vinatosha, mradi vina vipimo. Kila kitu kipewe namba: herufi ya chumba na tarakimu. J4 ni soketi ya nne ya jikoni, B2 ni taa ya pili ya bafuni. Namba hizi ndizo zitakazobeba mazungumzo yote ya miezi inayofuata, na zinamaliza ile habari ya "ile ya pale karibu na dirisha".

Kila mchoro uwe na herufi ya toleo na tarehe kwenye kona. Toleo B likitoka, toleo A lichanwe, na nakala iliyobandikwa ukutani ibanduliwe siku hiyohiyo. Mchoro wa zamani unaoning'inia kwenye kazi ni hatari kuliko kukosa mchoro, kwa sababu fundi anauamini.

Karatasi ya pili ni jedwali la vifaa: jina la kifaa, alama ya bidhaa, rangi au namba yake, vipimo, idadi, nani ananunua, na lini kinatakiwa kuwa kimefika. Safu ya "nani ananunua" ndiyo inayosahaulika. Watu hukubaliana kwamba vigae ni vya mwenye nyumba, halafu siku ya kazi inajulikana kuwa gundi, grauti (ya kujazia mianya kati ya vigae), pembe za chuma na misalaba ya kuachia nafasi havikutajwa na yeyote.

Ya tatu ni daftari la mipaka, na hilo linastahili sehemu yake.

Daftari la mipaka

Chukua orodha ya mafundi wote, kisha jiulize kwa kila wawili: ni wapi wanagusana, nani anatangulia, na anayefuata anahitaji kukuta nini? Andika jibu kwa sentensi moja au mbili. Hii hapa ni mifano ya mipaka inayosumbua karibu kila kazi.

*Bomba na vigae.* Bomba la kuchanganyia maji linalofichwa ukutani huja na kifuniko cha plastiki chenye alama mbili, kina cha chini na cha juu. Uso wa kigae kilichokamilika lazima uangukie kati ya alama hizo. Kwa hiyo fundi bomba anatakiwa kujua unene wote utakaokuja juu yake: tuseme lipu 15, gundi 5, kigae 10, jumla milimita 30. Akilizamisha mno, mkono wa bomba hautafika nje. Likitokeza, kifuniko cha urembo hakitalala ukutani. Mara nyingi kosa hili halina dawa isipokuwa kuvunja. Mdomo wa kutolea maji sakafuni nao ujadiliwe na wote wawili kwa pamoja: uko kona gani, na mteremko wa milimita 10 hadi 20 kwa kila mita unaanzia wapi. Ukiachwa katikati ya kigae kikubwa, fundi atalazimika kukikata vipande vinne ili maji yateremke.

*Kizuia maji na vigae.* Fundi vigae asianze bafuni hadi jaribio la maji lifanyike: mdomo wa sakafuni unazibwa, maji yanajazwa yafunike sakafu, yanaachwa saa 24, kisha mnakagua kimo chake na dari ya chumba cha chini. Picha ya kimo cha maji mwanzoni na mwishoni, zote zikiwa na rula, ziwekwe kwenye kumbukumbu. Bila picha hizo, maji yakivuja baadaye aliyepaka dawa atasema fundi vigae aliichana, na fundi vigae atasema aliikuta imechanika. Wote wanaweza kuwa wakweli.

*Umeme na seremala.* Seremala atoe michoro ya makabati kabla fundi umeme hajachimba ukuta. Vinavyotakiwa: urefu wa kaunta, mwanzo na mwisho wa makabati ya juu, mahali pa tanuri, feni ya kutolea moshi na friji. Soketi ya mashine iliyopachikwa ndani ya kabati hukaa kwenye kabati la jirani, si nyuma ya mashine yenyewe, la sivyo mashine haiingii hadi mwisho na hakuna mkono unaofika kuichomoa.

*Dari ya jipsamu na kila mtu.* Kabla bodi hazijafungwa, mwite fundi umeme, wa feni, wa kiyoyozi na hata wa mapazia. Feni ya dari hubebwa na ndoano iliyoshikwa kwenye zege au boriti. Jipsamu haibebi feni. Reli ya pazia inahitaji ubao uliofichwa juu ya bodi. Vivyo hivyo ukuta wa jipsamu utakaobeba runinga au kabati la juu: ubao au plaiwudi ya kushikia skrubu iwekwe ndani mapema, na mahali pake pawekwe kwenye mchoro. Na fundi dari apewe nafasi za taa ili fremu ya chuma isipite palepale tundu la taa linapotakiwa. Mgongano huu ni wa kila siku na hutatuliwa kwa mazungumzo ya dakika 10.

*Lipu au skridi na anayefuata.* Hapa anayezungumza ni saruji, na haina haraka. Lipu mpya ya saruji ipewe takriban wiki 4 kabla ya rangi isiyopitisha unyevu, maana ubichi na ukali wa saruji hubabua rangi na kuleta madoa meupe ya chumvi. Skridi hukauka kwa kadirio la milimita 1 kwa siku hali ya hewa ikiwa nzuri. Skridi ya milimita 50 inayongoja sakafu ya mbao inahitaji karibu siku 50, na ipimwe kwa kipima unyevu badala ya kiganja. Fundi anayekwambia "imeshakauka, gusa" hasemi uongo. Anasema habari za juu tu.

*Vigae na milango.* Mlango uliopachikwa kabla ya vigae utahitaji kukatwa chini milimita 15 hadi 20. Mlango wa mbao nzima unakubali. Mlango wenye uwazi ndani au uliofunikwa kwa karatasi ya plastiki ukikatwa huacha ukingo mtupu unaonyonya maji ya deki. Andika wazi: milango baada ya vigae, au fremu ipimwe kutoka mstari wa mita 1.

Kwenye kila mpaka kuwe na makabidhiano. Anayepokea anakagua, kisha anatamka kwa maandishi kuwa amepokea. Fundi vigae, kwa mfano, analaza rula ndefu ya mita 2 juu ya skridi. Pengo chini yake likizidi milimita 3, asikubali. Akianza kazi bila kusema, amekubali sakafu ilivyo, na hoja ya "nilikuta sakafu mbovu" haina nguvu tena. Waeleze mafundi sheria hii siku ya kwanza, kwa upole, mbele ya wote. Huwa wanaipenda, kwa sababu inamlinda kila mmoja dhidi ya aliyemtangulia.

Ujumbe unaofanya kazi

Chagueni njia moja ya maandishi. Kundi la WhatsApp linatosha kwa kazi nyingi za nyumba, mradi liwe la kazi tu. Salamu za sikukuu na video za kuchekesha zinazika maamuzi. Kama mafundi ni wengi, kundi la wote libaki kwa ratiba na makabidhiano, na mambo ya malipo yaende kwa kila mmoja faraghani.

Simu ipigwe kwa dharura na kwa jambo linalohitaji kuelezana. Lakini simu ikikatika, aliyepiga aandike mistari miwili: tulichokubaliana, nani atafanya, lini. Ujumbe wa sauti nao ni simu tu iliyohifadhiwa. Ni rahisi kwa fundi mwenye mikono ya saruji, na usimkataze, ila huwezi kuutafuta kwa neno wiki 6 baadaye. Uufupishe mwenyewe kwa maandishi chini yake.

Tazama tofauti. Huu ni ujumbe unaozaa ugomvi:

"Fundi, ile soketi ya jikoni isogeze kidogo upande wa dirisha."

Na huu unaweza kutekelezwa na mtu ambaye hajawahi kukuona:

"Fundi, habari za asubuhi. Soketi J4, ukuta wa sinki: isogee kutoka 1,400 hadi 1,650, kipimo ni kutoka kona ya kushoto hadi katikati ya boksi. Urefu haubadiliki, 200 juu ya mstari. Sababu: friji imehamia kulia. Ifanyike kabla lipu haijapigwa Alhamisi. Naomba unitumie picha ya alama ya penseli ikiwa na futi kamba kabla hujachimba."

Sababu isiachwe. Fundi akijua kwamba ni kwa ajili ya friji, anaweza kukumbusha kuwa friji hiyo ina waya wa nyuma unaohitaji soketi kuwa chini zaidi. Amri tupu humnyima nafasi ya kutumia akili yake.

"Sawa" haihesabiki kuwa jibu. Kwa heshima au kwa haraka, mtu atasema sawa kwa jambo ambalo hajalielewa, na kumuuliza "umeelewa?" kunamfunga zaidi. Uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa sawa: "Utaanzia kupima wapi?" au "Itabaki milimita ngapi hadi kwenye fremu?" Kama jibu linatoka kombo, kosa limekugharimu sekunde 30.

Maswali ya mafundi kwako nayo yawe na mwisho. Fundi aseme: nahitaji jibu kabla ya Jumatano saa 4 asubuhi, nisipopata nitafanya hivi. Nawe ukikubali utaratibu huo, uuheshimu. Mwenye nyumba anayekaa na swali la rangi ya grauti siku 5 ndiye anayechelewesha kazi, ingawa lawama hubaki kwa fundi.

Picha ipigwe kwa namna ileile kila mara: moja ya ukuta mzima kutoka mlangoni, moja ya karibu yenye futi kamba inayosomeka. Kuta zote zenye waya na mabomba zipigwe kabla ya lipu, futi kamba ikianzia kona na ikiwa imelala kwenye mstari wa mita 1. Miaka 3 baadaye utakapotaka kutundika rafu, picha hizo ndizo zitakazokwambia pa kutotoboa.

Kikao cha wiki

Dakika 30, siku ileile, pale pale kwenye kazi, mkiwa mmesimama. Kilichokamilika, kinachofuata wiki 2 zijazo, kinachokosekana, maswali yasiyojibiwa. Mmoja anaandika na kutuma kabla ya jioni. Wiki 2 si wiki 1, kwa sababu vifaa vya kuagiza havisubiri: kama makabati yanapachikwa Jumatatu ya wiki ya tatu, kaunta ya jiwe haitapimwa hadi yawe yamefungwa na kusawazishwa, na mtu wa jiwe anatakiwa kuwa ameshawekwa kwenye ratiba yake.

Mabadiliko

Utabadilisha mawazo. Kila mtu hubadilisha, hasa siku kuta zinapoonekana kwa mara ya kwanza. Kinachovunja uhusiano si badiliko, ni badiliko lililofanyika kwanza na kuulizwa bei baadaye. Kwa hiyo kila badiliko, hata la bure, lipitie mistari hii:

Namba na tarehe. Kinachobadilika, kwa namba ya mchoro. Tofauti ya gharama, kuongezeka au kupungua. Siku zinazoongezeka. Nani mwingine anaguswa.

Mstari wa mwisho ndio wa thamani zaidi, na ndio unaorukwa. Kuhamisha sinki mita 1 kunaonekana ni suala la fundi bomba. Kumbe kunahamisha tundu la kaunta, kabati la chini, soketi iliyokuwa mbali na maji na sasa ipo juu ya beseni, taa ya juu ya sinki na mpangilio wa vigae vya ukutani. Watu 4 wanatakiwa kuujua ujumbe huo kabla ya mmoja kushika patasi.

Weka jumla inayokwenda ikiongezeka chini ya kila badiliko jipya. Mabadiliko 15 madogo, kila moja likionekana halina uzito, ndiyo yanayomaliza akiba, na mtu hustuka mwishoni kana kwamba ameibiwa.

Vifaa na hesabu zake

Usipeleke dukani hesabu ya mtu mmoja. Fundi akokotoe, nawe ukokotoe, na mkipishana mwonyeshane hesabu. Sakafu ya mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Ongeza asilimia 10 ya vipande vya kukata na kuvunjika, iwe 22. Vikilazwa kimshazari ongeza asilimia 15. Kigae cha milimita 600 kwa 600 ni mita ya mraba 0.36, na boksi la vigae 4 ni 1.44. Basi 22 ukigawa kwa 1.44 unapata 15.3, nunua maboksi 16. Chumba hichohicho chenye kuta za mita 2.7 kina takriban mita za mraba 45 za kupaka ukitoa mlango na dirisha. Kwa mikono 2 ni 90, na kwa lita 1 kupaka mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, ni lita 9. Ukuta mbichi uliopigwa skimu (tabaka jembamba la kulainisha ukuta) na haujapakwa praima hunywa zaidi ya hapo.

Mpokea mzigo apewe kazi moja isiyo na mjadala: kusoma namba ya toleo na ya kivuli cha rangi kwenye kila boksi la vigae kabla gari halijaondoka, na kutuma picha. Vigae vya jina moja kutoka matoleo mawili hutofautiana rangi, na wakati mwingine hata upana kwa milimita 1, tofauti inayoonekana vizuri mara tu taa za jioni zinapowashwa. Ndoo za rangi nazo zichanganywe pamoja kwenye chombo kikubwa kabla ya kupakwa ukuta mmoja.

Malipo nayo ni ujumbe

Malipo yafungwe kwenye kitu kinachoonekana, si kwenye tarehe. "Baada ya mabomba kujaribiwa kwa shinikizo na picha ya geji kutumwa" ni hatua. "Mwisho wa mwezi" si hatua. Baki na asilimia 5 hadi 10 hadi orodha ya kasoro iishe, na jambo hilo liandikwe tangu mwanzo, maana fedha inayozuiwa bila makubaliano ni deni. Na hatua ikifikiwa, lipa siku hiyo. Anayechelewesha malipo ya haki anapoteza sauti ya kudai ratiba.

Jambo likienda kombo

Kagua kwanza kama kosa ni lako. Angalia mchoro wa toleo la mwisho na ujumbe wa mwisho. Kama vigae vimelazwa jinsi mchoro ulivyosema, kutaka vinginevyo ni badiliko, nalo lina bei.

Kama si lako, simamisha sehemu hiyo tu, si kazi nzima. Piga picha yenye kipimo, weka kando yake mchoro au kiwango mlichokubaliana, kisha muulize fundi faraghani: "Hapa tulikubaliana 900, nimepima 880. Unaonaje?" Usimwanike kwenye kundi mbele ya vijana wake, fundi aliyeaibishwa hutetea kosa ambalo angelirekebisha kimyakimya. Baada ya kuelewana, ndipo mwandike: nini kitafanyika, kwa gharama ya nani, lini kitakaguliwa. Na usikubali marekebisho ya kufunika. Kigae kinacholia utupu kikigongwa hakijazwi grauti kwenye kingo, kinang'olewa.

Orodha ya kasoro na makabidhiano

Ukaguzi wa mwisho ufanywe mara mbili. Mchana, kwa macho, na usiku kwa tochi iliyolazwa sambamba na ukuta, ambapo mawimbi ya skimu na alama za rola hujitokeza. Bandika karatasi ndogo yenye namba kwenye kila kasoro, na namba hiyohiyo iwe kwenye orodha pamoja na picha, jina la fundi na tarehe. Fungua kila mlango na droo, washa kila swichi, chomeka kitu kwenye kila soketi, jaza kila sinki kisha ulitoe maji yote kwa pamoja huku ukishika viungo vya chini kwa karatasi kavu ya chooni. Unyevu usioonekana kwa jicho utaonekana kwenye karatasi.

Orodha iwe moja. Ukimpa fundi kasoro 3 leo, 5 kesho na 2 Ijumaa, atakuja mara 3 na mara ya nne hatapokea simu. Akusanye zote, azimalize, mkague pamoja, kila namba ibanduliwe mbele ya wote wawili.

Kabla ya malipo ya mwisho, pokea vitu hivi mkononi: namba za rangi za kila chumba na lita 1 ya kila moja, vigae vya akiba angalau boksi 1 kwa kila aina, picha za kuta kabla ya lipu, funguo, vyeti vya dhamana vya mashine, na mchoro wa mwisho uliosahihishwa kulingana na kilichojengwa. Kisha fundi umeme akae nawe mbele ya boksi la breka, azime moja baada ya nyingine huku mwenzako akipita vyumbani akipaza sauti kuwa kipi kimezimika, na majina yaandikwe papo hapo. Fundi bomba naye akuonyeshe koki ya kufunga maji ya nyumba nzima, na uifunge kwa mkono wako mwenyewe.